Pistoni za Kombi ya Eliakim

"Mama Evelyn, hivi mzee wako siku hizi anapima kwa macho au kwa mazoea?"

Theopista aliuliza hivyo wiki ya mwisho kabla ya Kwaresima, wakiwa wamesimama na ndoo zao kwenye kituo cha kupokelea maziwa. Kihamba chake, shamba lake la migomba, na cha Salvina, huyo Mama Evelyn, vimetenganishwa na mfereji tu, na wawili hao wametaniana tangu walipoolewa. Waliokuwa karibu wakacheka. Salvina naye akacheka, akamjibu, "Mwenzangu, akikupima wewe atakwambia hadi kilo za ulimi wako," na foleni ikasogea. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani ile ndoo tupu ilimlemea mkononi.

Maana Theopista hakuuliza bure. Siku tatu nyuma mwalimu Yoramu, mstaafu, alikuwa akipandisha kutoka Himo na Volkswagen yake ya mgongo wa kobe. Injini yake ilikuwa imetoka mikononi mwa fundi Primus, mume wa Salvina, hata mwezi haujaisha. Pale mlima unapokaza, injini ikakaza nayo. Gari lile injini iko nyuma na ndiyo inayosukuma magurudumu ya nyuma, basi magurudumu yakagoma, gari likageuka lenyewe barabarani likaingia mtaroni. Lori la ndizi lililokuwa nyuma yake lilipita kwa nafasi ya mkono mmoja. Mwalimu alitoka na mfupa wa bega umevunjika, akimshukuru Mungu. Watu wakasema ni oili. Primus mwenyewe alisema ni oili, tena alisema haraka, kabla hajaulizwa.

Tueleze kwanza Primus ni nani. Alizaliwa hapa hapa Marangu, mtoto wa nne wa mkulima wa kahawa, na alipokuwa na miaka kumi na sita akapelekwa misheni kumsaidia bruda mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitunza magari ya mapadre. Magari yale yalikuwa Volkswagen tupu, zile ambazo hazina rejeta wala maji. Injini yake inapozwa na hewa: kuna feni inayopuliza upepo juu ya silinda nne, na kila silinda ni kopo nene la chuma lenye mapezi mapezi nje, limesimama peke yake. Ndani yake inapanda na kushuka pistoni. Kopo likichakaa halichongwi, linatolewa pamoja na pistoni yake na kuwekwa jipya. Ndiyo maana Primus alizoea kusema kwamba injini nyingine zote zinatengenezwa, ila hii inapimwa.

Bruda alimfundisha asiamini boksi. Hata kama vitu vimetoka dukani vimefungwa na karatasi, fungua, osha, soma alama, kisha upime mwenyewe. Kichwani mwa pistoni pamegongwa namba, na namba hiyo, upana wake kwa milimita, ndiyo inayokwambia ni ya injini gani: sabini na saba ni za zile ndogo, themanini na tatu ni za kati, themanini na tano na nusu ni za injini ya elfu moja mia sita. Pana mshale unaoelekea upande wa flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini. Na pana nukta ndogo ya rangi, ya buluu, ya pinki au ya kijani, na silinda nayo ina nukta yake. Pistoni ya buluu huingia kwenye silinda ya buluu, ya kijani kwenye ya kijani. Kati ya buluu na kijani, ambayo ndiyo nene zaidi, tofauti ni sehemu mbili za mia za milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara tatu ya hapo.

Bruda aliporudi kwao alimwachia maikromita, kile kipimo cha chuma chenye umbo la upinde, ndani ya kijisanduku cha mbao. Primus alikaa nacho gereji za Moshi mjini miaka ishirini na miwili, halafu akarudi nyumbani, akajenga banda la mabati pembeni ya migomba. Magari yenyewe yamebaki machache, lakini wenye nayo wanayapenda kama wajukuu, na wote kutoka Machame mpaka Rombo wanampelekea yeye.

Salvina hakusomea ufundi. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akazaa watoto wawili. Lakini kuosha vifaa kwa mafuta ya taa ilikuwa kazi yake tangu banda lilipojengwa, na mtu akiosha pistoni miaka kumi na tano macho yake hujifunza hata kama hakukusudia. Alizijua nukta. Alijua pia jinsi mumewe anavyopima. Vitu vyote hulala usiku mmoja juu ya meza moja ili baridi iwe moja. Asubuhi hupanga pistoni nne kwenye ungo, silinda nne nyuma yake. Huishika pistoni, huipima chini kabisa, upande usio na tundu la pini, hukipeleka kipimo dirishani, hukisogeza mbele ya jicho, hunyamaza, kisha husema namba, kwa sauti ya kanisani.

Sasa, baada ya lile swali la Theopista, Salvina alianza kuona mambo ambayo labda yalikuwepo siku nyingi. Primus akimimina chai aliweka kidole ukingoni mwa kikombe. Saa iko mkononi, naye anauliza ni saa ngapi. Kanisani alikishika kitabu cha nyimbo lakini aliimba beti alizozijua kwa moyo tu, na wimbo mpya ukija alikohoa. Alipoambiwa habari ya hospitali ya macho alisema, "Ni huu ukungu, mama. Masika yakipita nitaona vizuri." Na kweli masika ya mwaka huo yalikuwa ya ajabu. Wiki tatu mlima haukuonekana. Ukungu ulishuka asubuhi ukalala juu ya migomba mpaka adhuhuri, na ndani ya banda mtu alikuwa kama yuko chini ya blanketi bichi.

Ndipo ikaja Kombi ya Eliakim.

Eliakim ni Mlutheri wa Mwika, mcheshi, ana Kombi ya zamani aliyoipaka rangi nyeupe na kijani. Wageni wanaokuja kupanda mlima wanaipenda kupigia picha, maharusi wanaikodi, na kwaya zote zinamjua, za Kikatoliki na za Kilutheri. Injini yake ilianza kunywa oili. Akatafuta pistoni na silinda mpya, akazipata upande wa pili wa mpaka, Kenya, zikavushwa kupitia Tarakea.

"Shikamoo fundi. Nimekuletea watoto wanne," alisema akitua maboksi mezani.

"Marahaba. Wana baba mmoja hao?"

"Muuzaji amesema wamechanganyika kidogo, wawili seti hii, wawili ile. Lakini saizi ni moja, themanini na tano na nusu."

"Saizi ya Wakenya hiyo," Primus akasema, wakacheka. "Acha hapa. Kipimo kitawatambua."

Salvina akaziosha. Nukta zilikuwa wazi: pistoni mbili za buluu, mbili za kijani, na silinda vivyo hivyo. Akazipanga kwenye ungo, kila moja mbele ya mwenzake, kama alivyopanga siku zote. Asubuhi ya Jumatatu Eliakim akarudi na rafiki yake mmoja aliyetaka kuona fundi anavyofanya kazi, wakaketi kwenye benchi. Primus akasogeza ungo karibu na dirisha, na katika kuusogeza pistoni mbili zikabingirika. Akazirudisha kwa kupapasa. Ya kijani akaiweka mbele ya silinda ya buluu, na ya buluu mbele ya kijani.

Salvina, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, aliona. Akangoja. Alijua kipimo kitasema.

Primus akachukua pistoni ya kwanza, akaibana kwa maikromita, akaipeleka dirishani. "Themanini na tano, arobaini na tano," akasema. Sawa, ndiyo namba ya buluu. Akachukua ile ya kijani. Akabana. Akainua mkono mbele ya jicho, akanyamaza kama kawaida yake. "Themanini na tano, arobaini na tano."

Salvina akatazama mkono ule. Kipimo kilikuwa kimegeuzwa. Upande wenye namba ulitazama chini, mezani, na mbele ya jicho la mumewe palikuwa na chuma kitupu.

"Umeona?" Eliakim akamwambia rafiki yake. "Huyu mzee ni mashine."

Salvina akaingia ndani na birika. Angesema nini? Mke wa fundi asimame mbele ya wateja amwambie mumewe hujasoma kitu? Akamimina chai. Primus akaiingiza pistoni ya kijani kwenye silinda ya buluu kuijaribu, bila ringi, kama desturi. Ilipaswa kuteremka yenyewe polepole. Ikafika katikati ikasimama. Akaisukuma kwa dole gumba.

"Mpya hizi," akasema. "Zina ubishi kidogo."

Jioni ile Salvina alipiga magoti akaanza novena kwa Mtakatifu Lusia, mwombezi wa macho. Siku tisa. Alimwomba amfumbue mumewe macho, au amfumbue moyo akubali kwenda hospitali, bila yeye Salvina kulazimika kumwaibisha. Alisali kwa imani kabisa. Hakuhesabu kwamba injini haitangoja siku tisa. Jumanne Primus aliifunga. Ile silinda yenye ubishi akaiweka namba tatu, nayo namba tatu katika injini hizo ndiyo inayopata upepo wa mwisho, kwa kuwa kipoozeo cha oili kimekaa mbele yake, basi ndiyo inayopata moto kuliko zote. Jumatano injini ikawashwa, na ilikuwa na sauti nzuri, laini kama cherehani. Eliakim akapiga honi mpaka barabara kuu.

Salvina akajiambia, labda. Labda nukta zilipakwa vibaya kiwandani. Labda mkono wa Primus unajua kuliko nukta. Jumatano usiku akasali siku ya tatu.

Alhamisi Evelyn, binti yao anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, alirudi mazoezini amechangamka. "Mama, Jumamosi tunakwenda Tarakea, kwenye jubilei ya parokia. Watu kumi na moja. Tumekodi Kombi ya Eliakim, si baba ameifanya mpya?"

"Mtaondoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi. Mbona umeshika ukuta?"

"Mgongo tu, mwanangu."

Ijumaa asubuhi Eliakim alipita. Hakushuka garini. Injini ilikuwa imezimwa, lakini Salvina, akiwa anakata majani ya ng'ombe kando ya uzio, alisikia harufu ya chuma kilichopata moto, harufu kavu inayokwaruza puani.

"Fundi, mambo mazuri, ila nikipandisha mlima mrefu naona anakuwa mzito. Kama ameshikwa na mtu kwa nyuma. Nikipunguza, anaachia."

Primus akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akakiondoa upesi. "Zinajilainisha hizo. Usimkimbize kilomita mia tano za kwanza."

"Kesho nina kwaya. Rombo milima ni mingi."

"Mpeleke taratibu."

"Haya, mangi," Eliakim akasema, akimwita kwa jina la machifu wa zamani. Kombi ikashuka kwa kuserereka, ikamezwa na ukungu kabla haijafika kona.

Salvina akabaki na panga mkononi. Alijiona Jumamosi, saa tatu asubuhi, simu inaita. Akaona gari limegeuka barabarani kama lile la mwalimu Yoramu, ila hili lina watu kumi na moja, na Evelyn hupenda kukaa nyuma kabisa, juu ya injini, kwa sababu ya joto. Novena ilikuwa imefika siku ya tano. Akaenda ndani, akapiga ishara ya msalaba mbele ya picha ya mtakatifu, akasema polepole, "Nisamehe, nilikutuma kazi iliyokuwa yangu." Kisha akavuka ua kwenda bandani.

Primus alikuwa anapanga spana.

"Baba Evelyn, nina neno."

"Sema."

"Naomba kwanza unisaidie kitu." Kwenye rafu palikuwa na pistoni kuukuu, alizozihifadhi za kila aina. Salvina akateua mbili, akaziweka mezani chini ya dirisha. Roho ilimuuma kwa alichokuwa anafanya. "Nipe ile ya kijani."

"Ya nini?"

"Nipe tu, baba."

Akazishika. Akaigeuza moja kwenye mwanga, akaigeuza nyingine. Akapitisha dole gumba kichwani, mahali penye nukta. Alichelewa sana. Nje ng'ombe alikuwa anasugua pembe kwenye nguzo, na sauti ile ilionekana haitaisha.

"Hii," akasema.

"Zote mbili ni za buluu."

Primus akaziweka chini moja moja. Uso ulimbadilika akawa kama anataka kupiga meza. "Nani amekutuma? Theopista?"

"Hakuna aliyenituma. Jumatatu ulibadilisha pistoni mbili za Eliakim bila kujua. Na kipimo ulikishika kimegeuka, namba zinatazama meza. Nilikuwa mlangoni."

"Jumatatu."

"Jumatatu."

"Na leo ni Ijumaa, mke wangu."

"Nimekuwa nikisali."

"Ungesali ukiwa umeshaniambia."

"Na wewe ungeniambia mimi nini?" Salvina hakupandisha sauti. "Unapima chai kwa kidole mezani pangu, halafu unaniambia ni ukungu. Kombi hiyo kesho inampandisha Evelyn. Wako kumi na mmoja."

Primus hakuwa anajua. Watu walizoea kumfikiria anajua kila kitu kinachohusu magari yake, kwa hiyo hakuna aliyemwambia ni kwaya ipi. Akatafuta kigoda kwa mguu, akakikalia.

"Piga simu," akasema.

Simu ya Eliakim haikupatikana. Wakangoja. Salvina akapiga tena, haikupatikana. Bonde la kwenda Mwika mtandao hupotea, hilo walilijua wote wawili, na hakuna aliyelisema. Mara ya sita ikaita.

"Shikamoo mama."

Primus akaichukua simu. "Eliakim, uko wapi?"

"Nimesimama, fundi. Namwacha apoe. Nimepakia mifuko ya saruji nikamjaribu mlima, sasa ananuka vibaya na anagonga kwa mbali."

"Usimwashe. Usimwashe hata kumsogeza. Nimekosea silinda ya tatu."

Kikasikika kicheko kifupi. "Fundi, unanitania. Wewe ukosee?"

"Sioni, Eliakim. Sikusoma kile kipimo. Nilisema namba niliyoizoea."

Eliakim akasema, taratibu, bila mzaha wowote, "Mbele yangu hapa ni ule mteremko wa darajani, mzee, na nilikuwa namwasha nishuke." Akasema atatafuta gari la kuivuta Kombi, na kwaya atawatafutia usafiri mwingine. Hakuaga.

Salvina akasema, "Mungu ni mwema," akaketi juu ya tairi. Alidhani yamekwisha. Alitaka kumwambia mumewe kwamba Jumatatu watashuka hospitali, kwamba mtoto wa jicho siku hizi anatolewa na mtu anarudi nyumbani, kwamba Eliakim atasamehe.

Lakini Primus hakuwa anasikiliza. Aliketi uso ameuelekeza mlangoni, kwenye weupe wa ukungu, na midomo ilikuwa ikisogea. Salvina akafikiri anasali. Akainama karibu ili asali naye, akasikia kumbe anataja majina. Mwalimu Yoramu. Yule sista wa zahanati. Monica wa duka la dawa. Yule daktari wa Kibosho mwenye gari jekundu. Hellen. Alikuwa anakunja kidole kwa kila mmoja, na mkono wa kwanza ulikuwa umeshakwisha.

"Unafanya nini, baba?"

Kutoka barabara kuu ilisikika injini moja ikipandisha, ya kupozwa kwa hewa, mlio wake haufanani na mwingine. Wote wawili wakaisikiliza mpaka ikapita.

"Tafuta kalamu, Mama Evelyn," akasema. "Niandikie kila niliyemfungia injini tangu Krismasi, na unipigie simu zao zote leo, mmoja mmoja. Nitawaambia mwenyewe."